Kula Mombasa kwa Saa Zake

Mgeni akishuka Miritini kwa treni ya Nairobi, swali lake la kwanza huwa ni wapi. Wapi kuna biriani nzuri, wapi wanauza pweza, wapi watu huenda kupunga upepo. Ni swali la haki na sura hii italijibu, lakini mwenyeji humrudishia swali jingine kwanza: sasa hivi ni saa ngapi? Mombasa kila chakula kina saa yake, vingine vina siku yake, na vingine hufuata pepo za baharini. Sufuria hutiwa motoni mara moja. Kilichomo kikimalizika, mpishi huosha vyombo akaenda zake, na hakuna kubembeleza kutakakokirudisha. Anayezijua saa hizo hula vizuri kwa pesa chache. Asiyezijua anaweza kukaa kisiwani juma zima, akarudi kwao akiwa amekula chipsi na kuku, vitu ambavyo angevipata popote.

Siku huanza na mahamri. Watu wakitoka kuswali alfajiri, vichochoro vya Kibokoni, Kuze, Bondeni na Majengo vimeshajaa harufu ya iliki na mafuta ya moto. Unga ulikandwa usiku kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki, ukafunikwa uumuke. Asubuhi hukatwa madonge, kila donge likasukumwa duara, na duara likakatwa pande nne. Simama kando ya karai utazame mkono wa mpishi. Hamri likiingia tu kwenye mafuta, yeye huanza kulimwagia mafuta ya moto kwa juu kwa mwiko wa chuma, upesi upesi, mpaka lifure, ndipo aligeuze upande wa pili. Asipofanya hivyo litabaki bapa na zito. Hamri lililopikwa sawasawa halina kitu ndani. Ukilipasua, mvuke wake hukupiga usoni, na uwazi ule ndio mahali pa mbaazi.

Mbaazi nazo zililazwa ndani ya maji tangu jana, zikachemshwa hadi zikalainika bila kupasuka. Kisha hutiwa tui jepesi, kitunguu, manjano na pilipili mbichi. Tui zito huingia mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, maana likichemka sana hukatika na rojo likawa majimaji. Mimi huwapima wapishi wa asubuhi kwa rojo hilo. Liwe zito la kushika kidole, liwe na chumvi ya kutosha kushindana na utamu wa hamri, na pilipili isikike mwishoni, baada ya kumeza. Mgahawa wenye meza za vioo mara nyingi hushindwa na mama aliyeketi kwenye kigoda mlangoni mwake, kwa sababu mama huyo amepika sufuria moja na akili yake yote imo humo. Ukifika saa tatu na nusu na kumuuliza, "Mamangu, mbaazi zimebaki?" atakujibu kwa upole, "Zimekwisha babangu, kesho wahi." Hapo huna la kufanya isipokuwa kuwahi kesho.

Baada ya hapo una saa tatu hivi kabla jua halijawa kali, na hizo ndizo za kutembea. Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji wengi huiita Fort Jesus, itazamwe wakati huu, wakati kuta zake bado zina vivuli. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaichukua mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Habari hizo zimeandikwa kwenye vibao. Lisiloandikwa, na ambalo ningependa kila mgeni atoke nalo, ni kwamba muhogo na pilipili, vitu viwili ambavyo jioni ya Mombasa haiendi bila yavyo, asili yake ni Amerika, na ni biashara ya Wareno iliyovivusha bahari hadi Afrika. Ngome iliwashinda kuitunza. Muhogo na pilipili vilibaki, na leo hakuna Mswahili anayeviona vya kigeni.

Kutoka hapo tembea hadi Marikiti, soko la Mackinnon, ukaone iliki, mdalasini, pilipili manga na bizari vikipimwa, au upite Biashara Street ambako leso huuzwa jozi kwa jozi na kila jozi ina jina lake. Nunua viungo kwa muuzaji anayekuacha uvinuse. Ukiingia mitaa ya Mji wa Kale, mavazi yawe ya heshima, salamu itangulie maneno mengine, na usimpige mtu picha kabla hujamwomba ruhusa. Watu wanaishi mle. Barazani unapokaa kufunga kamba ya kiatu ni mlangoni pa mtu.

Mchana ni wa wali, na kuna mambo mawili ya kujua kuhusu wali wa Mombasa.

La kwanza ni biriani. Watu wa bara na hata wageni kutoka Bara Hindi hushangaa wakiletewa, kwa sababu hapa rojo hupikwa kwake na wali kwake, kisha vikakutana kwenye sahani. Rojo ndilo lenye kazi. Vitunguu vingi hukaangwa mpaka vikawa kahawia na kukauka, kisha huvunjwavunjwa kwa mkono. Nyama hulazwa katika mtindi, tangawizi, thomu na papai bichi ili ilainike, na vyote hupikwa pamoja na nyanya taratibu mpaka mafuta yapande juu. Wali hutiwa zafarani au rangi, punje nyingine zikawa za manjano na nyingine zikabaki nyeupe. Biriani ya siku yoyote inaliwa, lakini ya kweli ni ya Ijumaa baada ya swala. Siku hiyo majumbani hupikwa chakula kizuri, na wauzaji hupika wakijua kwamba wateja wao wametoka msikitini na njaa na ulimi wa kuchagua. Mwenye kukaa Mombasa siku mbili tatu apange moja yao iwe Ijumaa. Kibokoni, mgahawa wa Island Dishes umejulikana miaka mingi kwa mapishi ya Kiswahili. Lakini kama kuna rafiki aliyekualika kwao, acha migahawa yote uende kwake, na usiende mikono mitupu. Chukua hata matunda.

La pili ni samaki, na hapa saa ya ukutani haitoshi, lazima ujue na bahari. Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu nyakati za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Bahari ikikupwa namna hiyo, miamba hubaki wazi, na wavuvi wa miguu huingia na vijiti vyao kutafuta pweza kwenye mashimo. Siku hizo ndizo za supu ya pweza na pweza wa nazi. Nyakati za maji mafu, pweza utakayeletewa huenda ametoka kwenye barafu. Upepo nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia, vyombo huenda mbali, na nguru, kolekole na jodari hupatikana kwa wingi. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka, wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba, na samaki hupanda bei. Wakati huo agiza tafi au changu, samaki wa karibu, ambao kwa maoni yangu ni watamu kuliko hao wakubwa ikiwa huogopi miba.

Namna ya kuwala ni moja ambayo siwezi kuiacha: samaki wa kupaka. Huchanjwa, hutiwa chumvi, ndimu, thomu na pilipili, huchomwa juu ya makaa ya wastani, na wakati anageuzwageuzwa hupakwa tui zito lililopikwa na ukwaju. Hupakwa mara nyingi, si mara moja. Kila safu hukauka kidogo juu ya moto kabla ya nyingine kuja, mpaka ngozi yote ishike ganda la nazi lenye uchachu. Mpishi mwenye haraka humwagia tui lote juu ya samaki aliyekwisha kuiva, naye huyo amekuuzia mchuzi. Muulize mapema, na uwe tayari kusubiri. Wenye kutaka kula kamba na kaa kwa vitambaa vyeupe mezani wana Tamarind, ng'ambo ya Nyali, inayotazamana na Mji wa Kale kupitia maji ya Bandari ya Kale. Ni ghali, na kwa sherehe ya familia pesa hiyo haijapotea.

Kuanzia saa saba hadi saa kumi usihangaike. Joto la Mombasa huchosha hata aliyezaliwa ndani yake, na maduka mengi ya Mji wa Kale hufunga mtu akapumzike. Lala.

Ukiamka, mji umeamka pia. Baada ya swala ya alasiri, wauza kahawa hutembea na madele yao ya shaba yenye makaa chini, wakigonganisha vikombe ili wasikike kutoka kichochoro cha pili. Kahawa hii ni tungu, haina maziwa wala sukari, imetiwa tangawizi, na kikombe chake ni cha mafunda matatu. Utamu huja kando, kwa kashata ya njugu au kipande cha halwa au tende. Wanaume huketi barazani wakacheza dhumna, karata au dama, na mazungumzo huzunguka kutoka siasa ya kaunti hadi mpira wa Uingereza hadi nani anaoa wapi. Mgeni anakaribishwa. Toa salamu kwa wote, agiza kikombe, sikiliza kwanza. Nimeona wageni waliolipia safari za kuzungushwa mji kwa gari wakapata habari chache kuliko waliokaa barazani kwa vikombe vitatu.

Kisha magharibi huingia, na hapo ndipo mji huu hunipendeza kuliko wakati wowote. Adhana ikimalizika, karai hutoka nje. Kila kona ina taa, meza, na mvuke. Viazi karai ndivyo wafalme wa saa hii: viazi vidogo vilivyochemshwa, vikamenywa, vikachovywa katika uji mzito wa unga wenye chumvi, pilipili na rangi ya manjano, vikakaangwa mpaka gamba likawa kavu. Hupasuliwa kati na kumwagiwa ukwaju, kisha pilipili ya kusaga. Watu hula wamesimama, sahani mkononi, wakiomba kuongezewa ukwaju kabla hata hawajamaliza. Kando yake utakuta bajia za dengu, bajia za kunde, katlesi, sambusa, mayai yaliyovikwa kiazi, na kachri bateta, ambayo ni bakuli la viazi na rojo la ukwaju na vikolombwezo vya kutafuna vilivyonyunyizwa juu. Mapishi haya yana mkono wa Wahindi wa Mombasa, waliokuja kufanya biashara kabla ya reli kuanza kujengwa hapa mwaka 1896, na wengine waliokuja na reli yenyewe. Mapishi hayo yaliingia jikoni mwa Waswahili, yakaongezewa nazi na ndimu, na sasa kugombania ni ya nani ni kupoteza muda wa kula. Barabara ya Makadara, hasa pale Tarboush, mishkaki huzungushwa juu ya makaa na mikate ya naan hutoka moto hadi usiku mwingi. Agiza juisi ya ukwaju au ya miwa iliyosagwa na tangawizi. Mishkaki mizuri ina mafuta kidogo katikati ya nyama, na ikifika mezani bado inalia.

Jioni yako nyingine iwe ya Mama Ngina, ambapo wenyeji wengi bado hupaita Lighthouse. Ufuo huo ulitengenezwa upya mwaka 2019, na sherehe za Mashujaa za mwaka huo zikafanyika papo hapo. Mibuyu mikubwa ilikuwapo kabla ya hayo yote. Familia huja na mikeka na watoto, hutazama meli zikiingia mlango wa Kilindini, zikipita karibu kiasi kwamba unaona mabaharia wakikupungia mkono. Chakula cha hapa ni muhogo. Wa kuchoma huchanwa kati kwa kisu kikipita urefu wote, na muuzaji husugua ndani kwa kipande cha ndimu alichokichovya kwenye chumvi na pilipili. Mkono wake huenda na kurudi mara mbili tatu, na ukimwambia aongeze ataongeza. Wa krispi hukatwa vipande vyembamba kama karatasi moja kwa moja juu ya mafuta, ukauchukua kwenye mfuko ungali moto. Dafu hukatwa mbele yako. Ukilimaliza, mrudishie muuzaji alipasue akuchongee kijiko kutoka kwenye kifuu chake, ule na nazi changa iliyo ndani. Ukitoka hapo nenda Likoni ukapande feri kwa miguu. Mwenda kwa miguu halipi, na kuvuka ng'ambo na kurudi wakati jua linazama, katikati ya watu wanaotoka kazini na matenga ya maembe na baiskeli, ni starehe ambayo hoteli haziwezi kuiuza. Ila shika mfuko wako na usisukumane na watu wakati wa kushuka.

Jumapili ni ya pwani. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi, ambao kila mtu huuita Pirates, hujaa kutoka asubuhi: watoto ndani ya matyubu ya tairi, ngamia wakipita na abiria, vijana wakipiga mpira kwenye mchanga mgumu, kina mama wamefungua mabakuli ya pilau. Hapa pia tazama maji kabla ya kutoka nyumbani. Yakiwa yamekupwa, utatembea mbali kabla hujafika kiunoni, nao ndio wakati mzuri wa kukodi mashua yenye kioo chini ukatazame matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Yakijaa, ndiyo saa ya kuogelea, na mtoto asiachwe bila mtu mzima aliye karibu naye, kwa kuwa mawimbi ya kusi huvuta.

Wenye watoto waende pia Haller Park, hapo hapo Bamburi. Palikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, jangwa jeupe lisiloota kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mivinje ndiyo iliyokubali. Majani yake yaliyoanguka yalikuwa hayaozi, mpaka alipoleta majongoo wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Leo ni msitu wenye twiga wanaokula mkononi mwa watoto. Hapo ndipo kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipomfuata kobe mzee kana kwamba ni mzazi wake, na habari yao ikasomwa dunia nzima. Watoto wangu na wa wenzangu wameomba kurudi pale kuliko pahali pengine popote.

Usiku wa muziki una njia mbili. Bango ni muziki wa hapa hapa, saksafoni na gitaa zikienda polepole kwa wacheza dansi wawili wawili, na jina lake haliachani na Joseph Ngala wa Freretown, mtaa ulioanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wazee huvaa suruali zilizopigwa pasi kwenda kuucheza, na vijana sasa wanaanza kuufuata. Taarab ya Mombasa ya sasa utaikuta zaidi harusini kuliko ukumbini. Sauti ya Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, bado hutoka madukani na kwenye magari, na watu wazima humwimba neno kwa neno. Ukialikwa kwenye harusi, nenda hata kama umechoka. Wapenda vilabu na pombe hawaendi Mji wa Kale. Huvuka Nyali au wakafika Mtwapa, ambako usiku hauna mwisho. Mnazi uliogemwa asubuhi ni wa kunywewa siku hiyo hiyo, kwa mwenyeji anayejua mgema wake, kwani kesho yake huwa mkali.

Yote niliyoyasema hubadilika Ramadhani. Mchana mji hunyamaza na migahawa mingi ya Waislamu hufunga, na mgeni asiyefunga hana budi kula kwa staha mahali pa faragha. Lakini jioni yake haina mfano katika mwaka mzima. Kuanzia saa kumi, meza hupangwa barabarani: kaimati zilizovikwa sukari, vibibi, vitumbua, mkate wa sinia, sambusa za nyama, na sufuria za mihogo, ndizi mbichi na viazi vikuu vya nazi kwa wasio na nafasi ya kupika. Adhana ikilia, watu hufungua kwa tende na maji, na aliyesimama karibu hupewa bila kuulizwa dini yake. Baada ya tarawehe maduka hufunguliwa tena, watoto huchukuliwa kununuliwa nguo za Idd, na watu hutembea mpaka karibu na daku. Idd ikifika, uwanja wa Makadara huwekwa pembea, na kelele za watoto husikika mpaka barabara kuu.

Kwa hiyo chagua wakati wako. Aprili na Mei kuna mvua ya masika na barabara hujaa maji. Januari kuna joto, bahari tulivu na maembe ya kila aina, dodo, boribo na ngowe, hadi yanamwagwa. Ukiamua kuja mwishoni mwa Ramadhani, kata tiketi ya treni mapema, maana siku mbili tatu kabla ya Idd Wamombasa wote wanaofanya kazi bara huwa wanarudi nyumbani, na nafasi hazipatikani.